Namna ya kupima ajira na mapato ya wafanyakazi wa kazi za mikono, mkoa kwa mkoa

Mkoa ukisifiwa kwamba unalipa vibarua vizuri, kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kukubali: ni kazi gani hasa, ni kwa saa ngapi za siku, na ni siku ngapi za mwezi kazi hiyo hupatikana. Takwimu nyingi za ujira hujibu swali la kwanza nusunusu na kuyaacha mawili yanayobaki. Watu hufunga safari kuufuata ujira mnono wa kutwa, wakafika wakakuta kazi ni ya siku tatu kwa wiki. Vyama vya wafanyakazi navyo hudai nyongeza ya ujira mahali ambapo shida kubwa ni uhaba wa siku za kazi, na nyongeza ikipatikana haimfikii aliyeshinda bila kuitwa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandaa takwimu hizo kwa uangalifu: chama cha wafanyakazi, ofisi ya mipango, shirika dogo au mwanafunzi wa utafiti. Vifaa ni vichache: hojaji ya kurasa mbili, wadadisi wenye subira, na kompyuta moja ya kupangia majedwali. Viwango vya fedha katika mifano ni vya kufundishia tu. Weka sarafu yoyote unayoitumia.

Amua kwanza unamhesabu nani

"Kazi za mikono" ni jina pana mno kwa jedwali. Tumia uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani, toleo la 2008, unaojulikana kama ISCO-08. Una makundi makuu 10, na kazi za mikono zimo hasa katika matatu: kundi la 7 la mafundi, la 8 la waendesha mitambo na madereva, na la 9 la kazi zisizodai ufundi wa kusomea. Kundi la 6, la wakulima, wafugaji na wavuvi, lina watu wengi waliojiajiri ambao mapato yao hayafuati wiki wala mwezi. Ukitaka kuwaingiza, wape jedwali lao. Ukiwachanganya na vibarua, wastani wa mkoa wa mashamba utayumba kila msimu na hutajua kilichouyumbisha.

Usijaribu kukusanya kila kazi. Chagua sita mpaka nane zinazopatikana katika mikoa yote unayolinganisha. Orodha inayofaa mahali pengi, pamoja na namba za ISCO-08 mabanoni, ni hii: fundi mwashi (7112), seremala (7115), mchomeleaji wa vyuma (7212), fundi wa magari (7231), dereva wa lori (8332), kibarua wa mashambani (9211), kibarua wa ujenzi, yaani saidia fundi (9313), na mpakiaji wa mizigo (9333). Kazi iliyo katika mkoa mmoja tu, kama uchimbaji wa madini, ipimwe, lakini isiingie katika ulinganisho.

Namba hizo zisiandikwe na mdadisi akiwa kazini. Yeye aandike kwa maneno kile mtu alichokifanya, kwa mfano "alichanganya zege na kupandisha matofali ghorofani kwa ndoo", kisha mtu mmoja ofisini azipe fomu zote namba zake. Majina ya kazi hudanganya. Aliyeanza kushika mwiko wiki iliyopita huitwa fundi, na aliyejenga miaka ishirini huitwa fundi vilevile. Ukiamini jina, mkoa wenye wanafunzi wengi wa ufundi utaonekana unawapunja mafundi. Maswali yanayotenganisha watu hawa ni mawili: jana ulitumia zana gani, na nani alikuelekeza cha kufanya? Anayepiga timazi na kuamua mstari wa ukuta ni fundi. Anayeletewa maagizo kila baada ya nusu saa bado ni msaidizi.

Baada ya kazi, andika hali ya ajira: mwajiriwa wa mkataba, kibarua wa kutwa, anayelipwa kwa kipande, au aliyejiajiri. Tangu 2018 wanatakwimu wa kazi wa kimataifa wametambua pia mkandarasi tegemezi, yule anayeitwa mfanyabiashara huru lakini kazi yake, bei yake na wateja wake vinatawaliwa na kampuni moja. Madereva na wapakiaji wengi wako hapa. Wape alama yao, kwa sababu mwajiri atakwambia hana mfanyakazi wa namna hiyo na mtu mwenyewe atakwambia ana bosi.

Jambo la mwisho ni mkoa wenyewe. Mtu analala mkoa mmoja na kufanya kazi mkoa wa pili: umweke wapi? Kwa mapato, mweke pale kazi ilipofanyika, maana ndipo ujira ulipopangwa. Kwa kiwango cha ajira, mweke anapoishi, maana ndipo anapohesabiwa miongoni mwa wakazi. Nafasi zote mbili ziwe kwenye fomu. Na wanaolala kambini kwenye eneo la ujenzi au shambani hawapatikani kwa kugonga milango ya nyumba. Wasipotafutwa makusudi, mkoa wenye miradi mikubwa hupoteza wafanyakazi wake kwenye takwimu.

Kuhesabu ajira bila kuificha njaa ya kazi

Kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2013 na mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, mtu ana ajira ikiwa alifanya kazi ya malipo au ya faida kwa angalau saa moja katika wiki inayoulizwa. Kanuni hiyo inafaa kulinganisha nchi na nchi, kwa hiyo itumie. Lakini kibarua aliyeitwa Jumatatu peke yake na kukaa siku sita anahesabiwa sawa na aliyefanya kazi wiki nzima, na mikoa miwili yenye asilimia ileile ya ajira inaweza kuwa na maisha mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo, pembeni ya asilimia ya ajira weka namba nyingine mbili: wastani wa siku zilizofanyiwa kazi katika siku 7 zilizopita, na sehemu ya wafanyakazi waliotaka siku zaidi, waliokuwa tayari kuzifanya, wakazikosa. Hii ya pili ndiyo inayofichua mkoa wenye kazi chache zilizogawanywa kwa watu wengi.

Siku 7 zihojiwe kwa kurudi nyuma, moja moja, kuanzia jana. Usiulize "kwa kawaida unafanya kazi siku ngapi kwa wiki?" Mtu atakupa wiki yake nzuri. Anza: "Jana ilikuwa Jumatano. Ulipata kazi?" Kisha Jumanne, Jumatatu, hivyo hivyo mpaka wiki ikamilike. Mstari mmoja wa fomu uliojazwa vizuri unasomeka hivi:

*Jumatano: 07:00 hadi 17:30, chakula dakika 30, saa za kazi 10, kuchanganya zege, malipo ya kutwa, 90, nyapara amechukua 5.*

Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Mhojiwa akisema saa moja asubuhi, iandikwe 07:00 palepale. Wadadisi wawili wakiandika kila mmoja kivyake, kuna fomu zitakazoonyesha mtu ameanza kazi saa saba usiku, na huwezi kuzisahihisha zote kwa kukisia.

Katika saa za kazi hesabu muda wa kungoja mchanga ushushwe, muda wa kusubiri umeme urudi, na mapumziko mafupi ya kunywa maji. Toa muda mrefu wa chakula na muda wa safari ya kwenda na kurudi. Mgawanyo huu unafuata kanuni za kimataifa za muda wa kazi za mwaka 2008, na una haki ndani yake: anayengoja lori akiwa eneo la kazi hayuko huru kwenda kwingine.

Utawapata wapi wa kuwahoji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya. Njia rahisi ni kwenda kwenye maeneo ya ujenzi, gereji na bohari, ukahoji unaowakuta. Kosa lake ni kwamba unawakuta zaidi wenye kazi nyingi. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki ana nafasi mara tatu ya kukutwa kuliko anayepata siku 2.

Tazama ukubwa wa kosa hilo. Chukua mkoa ambao nusu ya vibarua hupata siku 6 kwa wiki na nusu nyingine siku 2. Wastani wa kweli ni siku 4. Ukienda kazini siku yoyote, robo tatu ya utakaowakuta ni wale wa siku 6 na robo moja ni wale wa siku 2, na wastani wako unakuwa siku 5. Umeongeza robo nzima ya ajira ambayo haipo, na hakuna fomu hata moja iliyojazwa vibaya.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuwahoji pia mahali wanapokusanyika kungoja kuitwa, kijiweni, asubuhi na mapema kabla magari hayajaja kuchukua watu. Fuata pia nyumba kwa nyumba ikiwa una uwezo, ukichagua kaya kwa hesabu maalumu (kila kaya ya kumi, kwa mfano) bila kuongozwa na urahisi wa njia. Ya pili ni ya hesabu: kila uliyemhoji kazini mpe uzito wa 1 gawanya kwa siku alizofanya kazi wiki hiyo. Kwa mfano wetu, robo tatu zigawanywe kwa 6 na robo moja igawanywe kwa 2. Kila kundi linabaki na 0.125, yaani sawa kwa sawa, na wastani unarudi kuwa siku 4. Hii inawezekana tu kama siku za kila mtu zimeandikwa. Kumbuka pia kwamba uzito hauwezi kumrudisha ambaye hakupata hata siku moja. Huyo lazima atafutwe kijiweni au nyumbani.

Idadi ya wahojiwa haitegemei ukubwa wa mkoa kama wengi wanavyodhani. Inategemea jinsi mapato yanavyotofautiana. Ikiwa mtawanyiko wa mapato (kiasi ambacho mapato ya watu hupishana na wastani kwa kawaida, "standard deviation") ni kama nusu ya wastani, jambo la kawaida kwa vibarua, na unataka kosa lisizidi asilimia 10 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji watu 96 kwa kila kazi katika kila mkoa: 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) zidisha 0.5, gawanya kwa 0.1, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Ukitaka kosa la asilimia 5, idadi inapanda hadi 384. Na kama unawahoji kwa makundi, watu kumi eneo moja na kumi eneo jingine, ongeza nusu tena, kwa sababu wa eneo moja hulipwa karibu sawa na kila anayeongezeka anakupa habari ndogo. Mikoa mitano, kazi sita, watu 144 kila mahali: tayari ni fomu 4,320. Ndiyo maana orodha ya kazi iwe fupi.

Usihoji mara moja tu kwa mwaka. Mvua husimamisha ujenzi na kufungua mashamba. Mavuno hupandisha ujira wa kupakia mizigo kwa wiki chache kisha ukashuka. Mikoa miwili ikipimwa mwezi uleule, mmoja unaweza kuwa kileleni mwa msimu na mwingine shimoni. Mara nne kwa mwaka ndiyo sawa. Bajeti ikibana, pima mara mbili, wakati kazi imechangamka na wakati imedorora, na uchapishe namba zote mbili badala ya wastani wake peke yake.

Mapato: uliza fedha ya siku moja moja

Maazimio ya wanatakwimu wa kazi ya mwaka 1973 yanatenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila leo. Kiwango cha ujira ni bei iliyopangwa kwa saa, kwa siku au kwa kipande. Mapato ni kile mfanyakazi alichokistahili kweli katika kipindi: ujira wa msingi, saa za ziada, bahashishi za kudumu, malipo ya likizo, na vitu anavyopewa badala ya fedha, yote kabla ya makato. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii haumo ndani ya mapato. Huo ni gharama ya mwajiri.

Tofauti yake inaonekana mara moja kwenye mfano. Mkoa A unalipa 120 kwa kutwa ya saa 12, na kazi hupatikana siku 12 kwa mwezi. Mkoa B unalipa 88 kwa kutwa ya saa 8, na kazi hupatikana siku 22. Kwa siku, A inaongoza kwa asilimia 36. Kwa saa, A ni 10 na B ni 11, kwa hiyo B inaongoza kwa asilimia 10. Kwa mwezi, A ni 1,440 na B ni 1,936, na B inaongoza kwa asilimia 34. Namba zote tatu ni sahihi, na anayechapisha moja tu amepotosha. Chapisha zote tatu bega kwa bega.

Kugeuza wiki kuwa mwezi, zidisha kwa 4.33, yaani wiki 52 gawanya kwa miezi 12. Ukizidisha kwa 4 unapoteza karibu asilimia 8 ya mapato ya mtu. Kubaya zaidi ni kuchukua kutwa na kuizidisha kwa 26: kwa aliyefanya kazi siku 14, umeyafanya mapato yake kuwa karibu mara mbili ya yalivyo.

Malipo kwa kipande yanataka maswali ya ziada, kwa sababu fedha hupewa kundi. Wapakiaji 6 wanashusha lori kwa 700. Ukigawanya kwa 6 unapata karibu 117 kila mmoja. Lakini nyapara, ambaye ni mmoja wa hao 6, huchukua mafungu mawili: mafungu ni 7, kila mpakiaji amepata 100 na nyapara 200. Uliza daima "mligawanaje?" na si "mlilipwa kiasi gani?" peke yake. Mashambani uliza pia ni mikono mingapi ilimaliza kipande. Ujira ukiandikwa kwa jina la mtu mmoja wakati mke na watoto walichuma naye, saa zake zinaonekana zinalipa vizuri mno, na kazi ya wale wengine imefutika kwenye takwimu.

Fundi anayechukua kazi nzima kwa bei moja ni kesi nyingine. Seremala ametoza 1,000 kwa kabati. Mbao, gundi, misumari na bawaba zimekula 520, msaidizi amepata 120. Kilichobaki ni 360, na kazi imechukua siku 4. Kipato chake ni 90 kwa siku. Ukiandika 1,000 umemfanya tajiri wa mkoa. Mchomeleaji naye ana fito za kuchomelea, mawe ya kukatia na umeme. Dereva mwenye lori la kukodi ana mafuta na hesabu ya mwenye gari. Fomu iwe na mistari mitatu kwa watu hawa: fedha iliyoingia, gharama za kazi hiyo, malipo ya wasaidizi. Msaidizi naye ahojiwe kivyake.

Makato yaandikwe moja moja, kwa maana si yote yanapunguza mapato. Advansi aliyochukua Jumanne na kukatwa Jumamosi ni mapato yake yaleyale yaliyotangulia. Mdadisi anayeandika fedha ya Jumamosi tu amempunja. Kodi na michango ya hifadhi ya jamii hukatwa kwenye mapato ghafi, basi onyesha ghafi na kilichobaki mkononi. Ada ya nyapara au wakala kwa kumpatia mtu kazi ni kitu tofauti kabisa: iweke kwenye safu yake. Katika baadhi ya maeneo ndiyo inayoeleza kwa nini ujira unaotangazwa na unaofika nyumbani haufanani, na wafanyakazi wanastahili kuiona imeandikwa.

Chakula, malazi na usafiri unaotolewa na mwajiri viwekewe thamani kwa bei ambayo mfanyakazi angeinunulia kitu hicho mahali pale, si kwa anayodai mwajiri. Mkataba wa kimataifa namba 95 wa mwaka 1949 unaruhusu sehemu tu ya ujira kulipwa kwa vitu, na thamani iwe ya haki. Unakataza kabisa kulipa kwa pombe kali. Kitanda kambini kikihesabiwa bei ya chumba cha mjini, mapato huvimba bila mtu kuwa na senti zaidi.

Halafu kuna fedha ambayo haijalipwa. Andika aliyoifanyia kazi na aliyoipokea kwenye safu mbili, na weka alama kwa deni lililopita siku 30. Jedwali la mapato litumie safu ya kwanza ili mikoa ilinganishwe kwa kipimo kimoja, lakini jumla ya madeni ichapishwe pia, mkoa kwa mkoa.

Vitabu vya waajiri

Orodha za malipo ni msaada mkubwa kwa kazi za mkataba: zina saa za ziada, likizo na makato kwa usahihi ambao mtu hawezi kuukumbuka. Lakini zina upofu wake. Hazina vibarua walioletwa na mkandarasi mdogo, ambao katika ujenzi huweza kuwa wengi kuliko walioandikwa. Tena zinaweza kuwa na wafanyakazi hewa. Chukua jina moja katika kila kumi, mtafute mtu mwenyewe, umuulize mwezi uliopita alipata nini. Tofauti zikizidi moja kwa kila majina kumi uliyoyafuatilia, usiitumie orodha hiyo kwa hesabu ya ajira. Kwa viwango vya ujira bado inaweza kufaa. Na usihoji wafanyakazi mbele ya msimamizi. Majibu hubadilika, na mtu unaweza kumponza.

Kulinganisha mikoa

Anza na mediani, yaani thamani ya mtu wa katikati watu wakipangwa kutoka wa chini hadi wa juu. Watu watano wanaopata 60, 65, 70, 70 na 235 wana wastani wa 100, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anakikaribia. Mediani ni 70. Wastani utauhitaji kwa hesabu za jumla, lakini msomaji apewe mediani kwanza.

Kisha jihadhari na mchanganyiko wa kazi. Mkoa A unamlipa mwashi 100 na saidia fundi 50. Mkoa B unamlipa mwashi 110 na saidia fundi 55. Kila kazi, B inalipa asilimia 10 zaidi. Sasa katika watu 100 waliohojiwa, A ina waashi 80 na wasaidizi 20, B ina waashi 30 na wasaidizi 70. Wastani wa A unatoka 90, wa B 71.5, na gazeti litaandika kwamba B inapunja wafanyakazi wake.

Ili kuepuka hilo, linganisha kazi kwa kazi, na ukitaka namba moja ya mkoa, tumia mizani ileile, yaani uwiano uleule wa kazi, kwa mikoa yote. Mikoa hiyo miwili ikijumlishwa ina waashi 110 na wasaidizi 90, yaani asilimia 55 na 45. Kwa mizani hiyo A ni 77.5 na B ni 85.25, na ile asilimia 10 imerudi mahali pake. Mizani isibadilishwe kila mwaka, la sivyo hutajua kama ujira umepanda au watu wamehama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Fanya vivyo hivyo kwa wanaume na wanawake: chapisha kila jinsia peke yake ndani ya kila kazi kabla ya kujumlisha.

Gharama ya maisha ije mwisho. Ujira wa B ukiwa mara 1.10 ya A na gharama zikiwa mara 1.25, thamani halisi ni 1.10 gawanya kwa 1.25, yaani 0.88: mfanyakazi wa B ananunua pungufu kwa asilimia 12. Kapu la bei liwe la wafanyakazi hawa: chumba kimoja, vyakula vya msingi, nishati ya kupikia, nauli ya kwenda kazini. Bei za jumla za taifa zina vitu vingi wasivyonunua, na kodi ya chumba ndiyo inayotofautisha mikoa kuliko kitu kingine chochote. Chapisha ujira wa fedha na wa thamani halisi pamoja, kwani anayetuma fedha nyumbani mkoa mwingine anatazama ule wa kwanza.

Kuonyesha mkoa umejikita katika kazi gani, gawanya sehemu ya kazi hiyo mkoani kwa sehemu yake nchini. Ujenzi ukiwa asilimia 18 ya kazi za mikono mkoani na 12 nchini, unapata 1.5. Namba kubwa kama hiyo inamaanisha pia hatari: mradi mmoja ukikwisha, mapato ya mkoa mzima huanguka.

Kabla ya kuchapisha

Kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya 30 kiunganishwe na kazi ya jirani au kiachwe na nyota. Kama kina mwajiri mmoja au wawili tu, kifiche, maana kila mtu atajua ni nani. Chini ya jedwali andika miezi ya kuhoji, idadi ya waliohojiwa, waliokataa, na iwapo mkoa ni wa kazi au wa makazi.

Mwisho, usomee jedwali kikundi cha mafundi na vibarua sita hivi katika kila mkoa. Wao hugundua upesi kile ambacho kompyuta haikuona: kwamba kutwa ya shambani mwezi ule ilikuwa ya nusu siku, au kwamba ujira wa madereva umejumlisha posho ya kulala njiani. Wakipinga namba, usiibadilishe kwa maneno yao wala usiwapuuze. Toa fomu za kazi ile, soma mistari ya siku 7 moja moja, na utafute ni safu gani ilijazwa tofauti na ulivyokusudia. Ukiipata, rudia kuhoji sehemu ya watu kwa swali lililorekebishwa kabla namba haijatoka nje ya ofisi.